Ukaguzi wa ndege na umri wake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa abiria wanaopitia Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere (JNIA), kwa vijana wanaoanza kusomea ufundi wa ndege, na kwa yeyote aliyewahi kutangaziwa kwamba ndege "iko kwenye matengenezo" akabaki na maswali. Baadhi ya majibu ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu.

Ndege ya miaka 20 ni nzee? Niogope kuipanda?

Miaka peke yake haikuambii mengi. Karakana huhesabu vitu vitatu kwa pamoja: saa za kuruka, mizunguko, na kalenda. Mzunguko mmoja ni kupaa mara moja na kutua mara moja. Kila sehemu ya ndege ina namna yake ya kuzeeka. Pampu na jenereta huchakaa kwa saa. Miguu ya kutua na ngozi ya bodi huchoka kwa mizunguko. Kutu haina habari na saa wala mizunguko. Huendelea na kazi yake hata ndege ikiwa imeegeshwa.

Chukua ndege mbili zilizoanza kazi siku moja. Ya kwanza inaruka vipande vifupi vya nusu saa, Dar na Zanzibar, mara 8 kwa siku, siku 350 kwa mwaka. Baada ya miaka 10 ina mizunguko 28,000 na saa 14,000. Ya pili inakwenda ng'ambo, safari za saa 6, mara 2 kwa siku. Baada ya miaka hiyo hiyo 10 ina mizunguko 7,000 tu, lakini saa 42,000. Ipi nzee? Ukimuuliza mkaguzi wa bodi atakuonyesha ya kwanza. Ukimuuliza anayeshughulika na pampu na jenereta atakuonyesha ya pili.

Mizunguko inaumiza bodi kwa sababu ya presha. Ndege ikiwa juu, hewa ndani ya kabini husukuma nje kwa nguvu inayokaribia psi 8, yaani takriban tani 5 na nusu kwa kila mita ya mraba ya ngozi. Ikitua, nguvu hiyo hutoka. Bodi inavimba kidogo, inanywea, inavimba tena, na kila mara pembezoni mwa matundu ya riveti hupokea mkazo mkubwa kuliko mahali pengine. Ufa huanzia hapo. Safari ya Dar–Zanzibar ni fupi kiasi kwamba ndege haipandi juu sana, hivyo mkazo wake ni mdogo kuliko wa safari ya Mwanza. Pamoja na hayo, kwenye daftari unahesabiwa mzunguko mmoja kamili.

Boeing 737 za awali, kwa mfano, zilisanifiwa kwa lengo la mizunguko 75,000. Lengo hilo halikuwa na maana kwamba ndege ikifika hapo inavunjika. Lilimaanisha kwamba kuanzia hapo mtengenezaji hana tena ushahidi wa kutosha bila ukaguzi wa ziada. Sheria za sasa za Marekani na Ulaya zimekwenda mbali zaidi: kila aina kubwa ya ndege ina kikomo cha mizunguko na saa ambacho ushahidi wa kihandisi unakifikia, na ikikivuka hairuhusiwi kubeba abiria mpaka mtengenezaji athibitishe kikomo kipya.

Kwa hiyo jibu fupi: ndege ya miaka 20 yenye rekodi kamili na mpango wa ukaguzi unaofuatwa ni salama kupanda. Ya miaka 6 isiyo na hayo mawili, hapana.

Kabla ndege haijaondoka, nani anaikagua na anaangalia nini?

Rubani mmoja huizunguka kwa miguu kabla ya kila safari. Kwenye kituo chenye mafundi, fundi naye huizunguka. Huanzia puani na kurudi puani, ili pasiwe na upande uliosahaulika. Huangalia kama mirija ya kupimia mwendo na matundu ya kupimia presha ya nje yako wazi, kama mapanga ya mbele ya injini yamepigwa na kitu, kama vifuniko vyote vimefungwa na lachi zimelala, kama kuna kimiminika kinachodondoka na ni cha rangi gani. Mafuta ya haidroliki ya ndege nyingi kubwa ni ya zambarau na huwasha vibaya yakigusa ngozi au macho. Maji yanayodondoka chini ya kiyoyozi kwenye joto la Dar hayamshtui mtu.

Hiyo mirija na matundu inastahili macho ya pili. Tarehe 2 Oktoba 1996 ndege ya Aeroperú, safari namba 603, ilianguka baharini na kuua watu wote 70 kwa sababu mkanda uliobandikwa juu ya matundu wakati wa kuosha ndege haukubanduliwa. Marubani walikuwa na injini nzima na mabawa mazima, ila hawakujua wako juu kiasi gani wala wanakwenda kasi gani. Mwezi Februari mwaka huo huo Boeing 757 ya Birgenair ilianguka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, na kuua watu 189, na wachunguzi waliona kuna uwezekano mkubwa kwamba nyigu walikuwa wamejenga ndani ya mrija mmoja wa kupimia mwendo. Nyigu wa Dar wanajenga vilevile. Ndiyo sababu ndege inayolala uwanjani huvalishwa kofia zenye utepe mwekundu, na kofia hizo huhesabiwa zinapotolewa.

Matairi je? Mbona yanaonekana yamekwisha?

Tairi la ndege halina kashata kama la gari. Lina mifereji inayozunguka tu. Linaondolewa pale mfereji unapofikia mwisho mahali popote, au nyuzi zinapoonekana, au kuna mkato unaozidi kipimo cha kitabu cha matengenezo. Kisha ganda lake hurudishiwa mpira mpya kiwandani na kutumika tena, mara kadhaa.

Upepo hupimwa tairi likiwa limepoa, kila siku. Kwenye ndege za ukubwa wa 737 au A320 ni kama psi 200 kwa matairi ya nyuma. Tairi zima huruhusiwa kupoteza hadi asilimia 5 kwa saa 24. Likikutwa kati ya asilimia 90 na 95 ya kipimo chake, linajazwa na kuandikwa, na likirudia linatolewa. Chini ya 90 linatolewa papo hapo. Chini ya 80 na limeshabeba ndege, linatolewa pamoja na mwenzake wa ekseli moja, kwa sababu huyo mwenzake alibeba mzigo wa wawili na huenda ameumia ndani bila kuonyesha nje.

Hujazwa naitrojeni, si hewa ya kompresa. Tarehe 31 Machi 1986 Boeing 727 ya Mexicana ilianguka na kuua watu 167 baada ya tairi lililojazwa hewa ya kawaida kupata joto la breki iliyokuwa ikikwama na kulipuka ndani ya chumba chake. Oksijeni ndani ya tairi lenye joto kali ni kiberiti.

Breki zina pini ndogo inayoonyesha unene uliobaki. Isomwe breki ikiwa imekanyagwa na presha ya haidroliki ipo. Ukiisoma breki ikiwa imeachiwa itakudanganya kwamba bado ni nene. Kosa hili ni la kawaida kwa wanafunzi.

Oili ya injini inapimwa lini?

Kwa injini nyingi za jeti, kati ya dakika 5 na 30 baada ya kuzimwa. Ukichelewa, oili hutiririka kutoka tangini kwenda kwenye giaboksi, kipimo kinasoma chini, fundi anaongeza, na injini ikiwashwa oili inazidi. Zaidi ya kiwango chenyewe, kinachofuatiliwa ni matumizi: injini iliyokuwa ikila kiasi kilekile kwa saa halafu ghafla ikazidisha ina jambo la kusema.

Cheki A, B, C na D ni nini hasa?

Ni vifurushi vya kazi. Mtengenezaji ana orodha ya maelfu ya kazi, kila moja na muda wake, na shirika huzipanga pamoja ili ndege isiingie hanga kila wiki.

Cheki A hufanyika kila baada ya saa za kuruka mia kadhaa hadi elfu moja hivi. Kwa Airbus A220 ni saa 850. Mara nyingi humalizika usiku mmoja: kubadili filta, kupaka grisi miguu ya kutua na mitambo ya mabawa, kupima taa za dharura, chupa za oksijeni na za moto, kuangalia ndani ya vifuniko vinavyofunguka haraka. Cheki B imekufa kwenye ndege nyingi za kisasa. Kazi zake zimegawiwa kwa A na C.

Cheki C ndiyo inayoiondoa ndege kazini kwa siku au wiki. Kwa A220 ni saa 8,500. Kwa ndege za vizazi vilivyotangulia ni kati ya miezi 18 na 24. Vifuniko vingi hufunguliwa, sakafu huinuliwa sehemu zenye unyevu, waya za kuongozea hupimwa ukazaji, mifumo yote huendeshwa na kujaribiwa.

Cheki D, ambayo siku hizi wengi huiita ukaguzi mkubwa wa bodi, huja kila baada ya miaka 6 hadi 12. A320 ina ukaguzi wa miaka 6 na wa miaka 12. Boeing 787 ilisanifiwa ukaguzi mkubwa wa kwanza uje mwaka wa 12. Hapo viti, majiko, vyoo, paneli za ukuta na blanketi za kuzuia baridi vyote hutoka, wakati mwingine hata rangi huondolewa, mpaka ibaki mifupa na ngozi. Wiki 4 hadi 8 ni kawaida. Shirika likikuambia ndege ya miaka 12 itarudi baada ya siku 10 kutoka ukaguzi wa aina hiyo, uliza tena.

Kinachovuruga ratiba si kazi zilizoandikwa. Ni zile zinazozaliwa na ukaguzi. Ndege changa ikikupa saa 1,000 za kazi zilizopangwa, zinazoibuka huwa chache. Ndege kongwe inaweza kukupa zilizoibuka sawa na zilizopangwa au zaidi: kiunzi kimoja kimeliwa na kutu, kipuri hakipo nchini, kimeagizwa, na ndege nzima imepandishwa jeki ikikisubiri. Mpangaji mwenye busara huagiza mapema vipuri vile ambavyo ndege ndugu za umri huohuo zilivihitaji.

Nani anapanga muda huo? Shirika linaweza kujiongezea?

Msingi huwekwa na mtengenezaji pamoja na mamlaka ya nchi ilikosanifiwa ndege: FAA ya Marekani kwa Boeing, EASA ya Ulaya kwa Airbus za Ulaya na ATR, Transport Canada ya Kanada kwa A220 na Dash 8. Juu ya msingi huo shirika huandika mpango wake, na kwa ndege zenye usajili wa 5H, yaani wa Tanzania, mpango huidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA). Muda unaweza kuongezwa kwa ushahidi na kwa idhini, lakini haupaswi kuongezwa kwa sababu ratiba ya abiria imebana.

Hatari ya kurefusha muda ilionekana tarehe 31 Januari 2000, Alaska Airlines safari namba 261. Skrubu kubwa inayoongoza mkia wa ndege hiyo, aina ya MD-83, haikupakwa grisi ya kutosha, na vipindi vya kupaka grisi na kupima uchakavu wake vilikuwa vimerefushwa kwa hatua ndogondogo. Nyuzi za nati zililika zote. Watu 88 walikufa. Grisi ndiyo kazi rahisi kuliko zote kwenye orodha, na huenda ndiyo sababu hupewa mtu aliyechoka saa tisa usiku.

Mbona ndege inaruka huku kuna kitu kibovu?

Kwa sababu kipo kitabu kinachosema ni kitu gani kinaweza kuwa kibovu, kwa masharti gani, na kwa siku ngapi. Kimeidhinishwa na mamlaka. Kasoro za kundi B lazima zitengenezwe ndani ya siku 3, kundi C siku 10, kundi D siku 120, bila kuhesabu siku iliyogunduliwa. Kundi A lina muda wake ulioandikwa kwa kila kasoro.

Mfano: injini ndogo ya mkiani inayotoa umeme na hewa ndege ikiwa chini imekufa. Ndege inaweza kuruka, maana angani injini kubwa zinatoa vyote. Lakini hapo hapo mpangaji ajiulize: kituo inakokwenda kina mashine ya umeme wa ardhini na ya hewa ya kuwashia injini? JNIA ipo. Kwenye kiwanja kidogo cha mkoani huenda haipo, na ndege ikizimwa huko itabaki huko. Ndiyo maana kasoro moja ndogo Dar inaweza kufuta safari ya mkoani na kuiacha ya Nairobi iendelee.

Abiria husikia joto kabla ya kuondoka akadhani ndege mbovu. Mara nyingi ni hiyo hiyo injini ya mkiani.

Hali ya hewa ya Dar inaiathiri vipi ndege?

Sana, na hapa ndipo penye kazi yetu kubwa. Uwanja uko karibu na Bahari ya Hindi, hewa ina chumvi na unyevu, joto halishuki. Aluminiamu ya ndege ina shaba au zinki ndani yake ili iwe na nguvu, na mchanganyiko huohuo ndio unaoifanya iliwe na kutu kirahisi chumvi ikipata nafasi.

Kutu ya aluminiamu si nyekundu. Ni unga mweupe au wa kijivu, au rangi iliyovimba kama malengelenge, au kingo za metali zinazoachana tabaka kwa tabaka. Mahali pa kuitafuta ni palepale kila mara: chini ya sakafu ya vyoo na majiko, kwenye reli za viti ambako soda na chai humwagika, chini ya milango, ndani ya vyumba vya miguu ya kutua, na chini kabisa ya bodi ambako maji yote hukusanyika. Maji hayo mengi hayatoki nje. Ni pumzi za abiria. Angani ngozi ya bodi ni baridi chini ya sifuri, unyevu wa kabini huganda nyuma ya blanketi za ukuta, na ndege ikishuka Dar barafu inayeyuka na kutiririka hadi chini. Matundu ya kutolea maji yakizibwa na uchafu, kuna kidimbwi ndani ya ndege. Kuzibua matundu hayo ni kazi ya dakika chache inayookoa kiunzi cha maelfu ya dola.

Kutu huwekwa kwenye madaraja matatu. La kwanza linasafishwa na kubaki ndani ya kipimo cha metali kinachoruhusiwa kuondolewa. La pili limevuka kipimo, linahitaji kiraka au kipande kipya. La tatu ni tishio la haraka kwa usalama, na lazima zifikiriwe ndege nyingine zote za aina hiyo. Shirika likipata daraja la pili mara kwa mara mahali pamoja, dawa si kuendelea kutengeneza. Ni kupunguza muda kati ya ukaguzi na kupuliza upya dawa ya kuzuia kutu.

Mafuta nayo yana shida yake. Hewa yenye unyevu huingia tangini kadiri mafuta yanavyopungua, maji huzama chini, na kati ya maji na mafuta huota fangasi wanaoishi kwa kula mafuta. Ukivuta sampuli unaona uzi wa kahawia kama makapi ya chai. Hutoa asidi, huziba filta, hudanganya vipima-mafuta. Kinga ni kutoa maji chini ya tangi kwa ratiba, kabla ya kujaza au baada ya mafuta kutulia, si mara tu baada ya kujaza wakati kila kitu kimetibuka. Dawa ya kuua fangasi ipo lakini kipimo chake hakina msamaha: mwezi Februari 2020 Airbus A321 ya Titan Airways iliondoka Gatwick injini zote mbili zikiyumba, kwa sababu tangi zilikuwa zimewekewa dawa hiyo mara 38 ya kiwango kinachopendekezwa.

Mengine kwa ufupi: radi za masika huacha alama ndogo za kuungua pale zilipoingilia na kutokea, nazo lazima zitafutwe zote mbili. Kunguru wa Dar wakiingia injini, mapanga hukaguliwa moja moja na mara nyingi kamera nyembamba huingizwa ndani. Na ndege ndogo za Cessna Caravan zinazotua kwenye changarawe hukwanguliwa ncha za mapanga na kokoto. Mkwaruzo mdogo husawazishwa kwa tupa mpaka mahali pasiwe na kona, kwa kuwa kona ndiyo mbegu ya ufa.

Uchovu wa metali unagunduliwaje kama ufa hauonekani?

Kwa vifaa. Kimoja hupitisha mkondo mdogo wa umeme juu ya metali na kuonyesha pale unapokatizwa na ufa, hata chini ya rangi. Kingine hutuma mawimbi ya sauti na kusikiliza mwangwi. Kipo cha rangi inayopenya kwenye ufa na kung'aa chini ya taa maalumu, kipo cha eksirei. Lakini kifaa hupima pale mtu anapokiweka, na mahali pa kukiweka panatokana na somo lililolipiwa.

Somo kubwa ni la Aloha Airlines safari namba 243, tarehe 28 Aprili 1988. Boeing 737-200 ya miaka 19 iliyokuwa ikiruka kati ya visiwa vya Hawaii ilipoteza paa la mbele la bodi ikiwa futi 24,000. Mhudumu mmoja alivutwa nje akafa, ndege ilitua. Ilikuwa na mizunguko 89,680. Safari fupi, juu ya bahari, kwenye hewa ya chumvi: anayeendesha ndege kati ya Dar, Zanzibar na Pemba asome ripoti hiyo yote. Gundi ya maungio ya ngozi ilikuwa imeachia, chumvi ikaingia, mzigo ukahamia kwenye riveti, nyufa ndogo zikaota kwenye matundu mengi ya mstari mmoja, kisha zikaungana kwa mara moja. Kila ufa peke yake ulikuwa mdogo. Baada ya hapo ndipo dunia ilipoanzisha programu maalumu za ndege zinazozeeka, pamoja na mpango wa lazima wa kudhibiti kutu.

Kwa nini mnasisitiza rekodi kuliko hata ndege yenyewe?

Kwa sababu kiraka kibaya hufichwa na rangi. Boeing 747 ya Japan Airlines iliyoanguka tarehe 12 Agosti 1985 na kuua watu 520 ilikuwa imegonga mkia mwaka 1978. Ukuta wa presha wa nyuma ukaungwa kwa bamba lililokatwa vipande viwili, na safu moja ya riveti ikabeba kazi ya mbili. Ilichukua miaka 7. Ya China Airlines iliyosambaratika angani tarehe 25 Mei 2002 na kuua watu 225 ilikuwa imegonga mkia mwaka 1980. Miaka 22.

Ndege inayonunuliwa au kukodiwa mitumba hukaguliwa karatasi kabla ya chuma. Ni kama gari la kutoka Japan: kila mtu anajua kilomita zinaweza kurudishwa nyuma. Tofauti ni kwamba kwenye ndege kipuri chenye ukomo wa mizunguko lazima kiwe na historia tangu kilipotoka kiwandani, kila ndege iliyokibeba na mizunguko iliyoruka. Pengo moja tu kwenye historia hiyo, na diski ya injini ya mamilioni inageuka chuma chakavu hata kama inang'aa. Anayeipokea ndege aorodheshe viraka vyote vilivyopo kwenye bodi kwa macho yake, kisha avioanishe na michoro. Kiraka kisicho na karatasi kinafunguliwa.

Ndege mpya za plastiki ngumu hazizeeki?

Boeing 787 karibu nusu ya uzito wake ni nyuzi za kaboni zilizoshikwa na gundi. A220 ina mabawa ya namna hiyo na bodi ya aluminiamu yenye lithiamu. Nyuzi za kaboni hazishiki kutu na hazichoki kama metali. Zina adui mwingine: kugongwa. Gari la mizigo likigonga bodi ya aluminiamu linaacha bonde linaloonekana. Likigonga kaboni, ngozi inaweza kurudi mahali pake huku tabaka za ndani zimeachana. Kwa hiyo dereva wa uwanjani anayegonga na kunyamaza ni hatari zaidi leo kuliko zamani. Asiadhibiwe kwa kuripoti.

Kwa nini ndege mpya kabisa inaegeshwa wakati ya zamani inaruka?

Mara nyingi ni injini. Diski zinazozunguka zina ukomo wa mizunguko, kwa kawaida maelfu mengi, na zikifika hutolewa hata kama hazina ufa. Zaidi ya hapo, kila injini hufuatiliwa joto la gesi ya kutolea moshi: kadiri inavyochakaa joto hupanda, na siku ya jua kali ya Dar ndiyo inayobana zaidi nafasi iliyobaki.

Injini za kizazi kipya zinakula mafuta kidogo lakini zimekuja na maumivu ya uchanga. A220 za Kampuni ya Ndege Tanzania (ATCL), zilizoanza kupokelewa Desemba 2018, zilifika mahali baadhi zikaegeshwa kuanzia mwishoni mwa 2022 kutokana na matatizo ya injini za PW1500G yaliyowakumba waendeshaji wa nchi nyingi. Bodi changa, injini hakuna. Foleni ya karakana za injini hizo duniani ni ndefu, na pesa peke yake haikupeleki mbele.

Ndege ikikaa bila kuruka, si inapumzika?

Hapana. Matairi huota ubapa, mihuri ya mpira hukauka, unyevu huingia injini, wadudu wanahamia. Ndege iliyoegeshwa ina cheki zake: kuzungusha magurudumu, kuwasha mifumo, kuziba matundu, kubadili vikausha-unyevu. Kuirudisha kazini baada ya miezi mingi kunaweza kuchukua siku nyingi.

Nani anasaini kwamba ndege iko tayari?

Mhandisi mwenye leseni iliyo na aina hiyo ya ndege, chini ya karakana iliyoidhinishwa. Kuna wa injini na bodi, kuna wa umeme na elektroniki. Mmoja hasaini kazi ya mwenzake. Hapa Dar njia ya kawaida ya kuanzia ni Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT), Mabibo, ikifuatiwa na miaka ya vitendo na mafunzo ya aina ya ndege.

Mafundi hukosea wapi zaidi?

Kwenye kurudisha, si kwenye kufungua. Tarehe 10 Juni 1990 kioo cha mbele cha BAC 1-11 ya British Airways kiling'oka angani na rubani akavutwa nusu nje; kati ya bolti 90 zilizofunga kioo, 84 zilikuwa nyembamba kuliko zinazotakiwa na 6 fupi. Fundi alizilinganisha kwa macho na za zamani badala ya kusoma namba. Tarehe 5 Mei 1983 ndege ya Eastern yenye injini 3 ilipoteza oili kwenye zote, kwa kuwa mpira mdogo wa kuziba haukuwekwa kwenye kihisi cha chembe za chuma cha kila injini, na watu walewale walizifanya zote usiku mmoja. Ndiyo sababu ya kanuni kwamba fundi mmoja asifanye kazi ileile kwenye injini zote mbili kwa zamu moja. Na zamu ikibadilika katikati ya kazi, kilichobaki kiandikwe. Maneno ya mdomo hayahesabiwi.

Nimeona utepe wa fedha umebandikwa kwenye bawa. Na dirisha lina tundu. Niseme?

Utepe huo ni wa aluminiamu wenye gundi kali, unaruhusiwa na kitabu kwa ukarabati wa muda sehemu zisizobeba mzigo. Tundu dogo chini ya dirisha limewekwa makusudi, kwenye kioo cha kati, ili kioo cha nje ndicho kibebe presha. Mikwaruzo ya kioo cha ndani kabisa haina uzito.

Lakini mafuta yanayotiririka kutoka kwenye bawa, kifuniko cha injini kinachopepea, moshi, au mstari wa ufa karibu na mlango: mwambie mhudumu kabla mlango haujafungwa, na umtajie namba ya safu na upande. Kule kwenye uwanja wa Hilo, Hawaii, mwaka 1988, abiria mmoja aliyekuwa akipanda ndege ya Aloha aliuona ufa kwenye bodi karibu na mlango. Hakumwambia mtu.